Mvuto wa Kinanda

Kwetu kila kitu hupigwa. Kinanda hupigwa, ngoma hupigwa, kengele hupigwa, mtoto hupigwa, na ng'ombe akigoma kuvuka mto naye hupigwa mpaka avuke. Mtu wa kwanza kunipiga nje ya nyumba yetu alikuwa mpiga kinanda wa parokia, pale Bariadi nilikosoma bweni. Alikuwa katekista mwembamba, mwenye miguu mirefu ya kukanyagia pedali, na juu ya kinanda, kando ya kitabu cha nyimbo, aliweka fimbo ya mkwaju. Kwaya ikiporomoka hakusimamisha wimbo. Mkono wa kushoto uliendelea na besi, wa kulia ukachukua fimbo, na aliyekaa karibu ndiye aliyeila. Mimi nilikaa karibu kuliko wote, kwa hiari yangu, na alama ninazo begani hadi leo.

Nilikaa pale kwa sababu ya harufu. Kinanda kile cha miguu kililetwa na mapadri wa zamani, na kilivuta hewa kwa nyuma, upande wa altare, mahali chetezo kilipotundikwa. Moshi wa ubani wa Pasaka zote na wa mazishi yote ulikuwa umeingia humo na kukolea kwenye mifuko yake ya ngozi. Jumamosi tulipofanya mazoezi, kanisa likiwa halina padri wala moshi, katekista alikanyaga pedali na kinanda kikapumua ubani. Noti nzito ilitoka na harufu nzito, ya utomvu na ngozi kuukuu. Noti nyembamba ilitoka na kitu chepesi kinachokuna pua. Kiswahili kinasema mtu husikia harufu. Mabingwa wa lugha waeleze wanavyotaka. Mimi najua aliyetunga msemo ule aliwahi kukaa nilipokaa.

Nilitoka Kimali, nyumba ya wafuga ng'ombe na wakulima wa pamba, na mimi ndiye binti wa kwanza wa upande ule kuwa na diploma. Hakuna mjomba aliyenisomesha wala mchumba aliyenilipia. Niliosha vyombo vya watu Dar es Salaam, nikasoma jioni, nikapata diploma ya ufundi wa maabara, nikaajiriwa kiwanda cha sabuni, chumba cha manukato. Mkuu wa chumba kile alikuja kutufundisha kwamba manukato yana ngazi tatu: ya juu, ya kati na ya chini. Nilinyoosha mkono nikamwambia mbele ya wenzangu kwamba zipo nne, kama kwaya: soprano, alto, tena na besi, na kwamba sabuni yake ilikuwa inanuka kama kwaya isiyo na wanaume. Walicheka. Baadaye walitumia ngazi nne na hawakutaja jina langu.

Kisha zikaja enzi za ruksa, za biashara huria. Kiwanda kikauzwa kwa mtu binafsi, na asubuhi moja tukakuta geti limefungwa na mlinzi mpya akitusukuma kwa rungu. Alinisukuma kifuani mara ya pili nikiwa nimeshamwambia asinishike. Vyeti vyangu vilikuwa ndani ya kisanduku cha bati. Nilimpiga nacho usoni, pua ikavunjika, damu ikaingia hadi kwenye kitasa cha kisanduku. Hivyo ndivyo nilivyoagana na Dar es Salaam. Wenzangu waliondoka wakilia.

Nilirudi Bariadi na viatu vya visigino na bomba la shaba. Maduka yalikuwa yamejaa ghafla: redio za kaseti, mafuta ya nywele, mitumba, sabuni za Kenya. Wanunuzi binafsi wa pamba walipita vijijini na malori yao, na vijana walikuwa na hela ya kununulia kitu kisicho cha lazima. Nikajiambia, kama kila mtu anauza, mimi nitauza kile ambacho hakuna mwingine anayejua kukitengeneza. Nilipanga chumba na ua nyuma ya barabara ya jineri, kiwanda cha kuchambulia pamba, nikajenga jiko, nikaanza kupika kinanda.

Besi nilitumia utomvu wa miti ya porini nyuma ya Kimali, ule unaofanana na manemane, nikauchanganya na ubani wa dukani. Sauti ya tena, ngozi ya mbuzi iliyokaushwa kwenye moshi. Alto, nta ya nyuki. Soprano, maganda ya ndimu. Vyote nililoweka kwenye spiriti safi, nikavipitisha kwenye mvuke na bomba, tone kwa tone. Majirani walidhani napika gongo. Mmoja alikuja na kikombe, nikamfukuza na kuni ya moto. Siku nyingine sufuria lililipuka, likanichuna ngozi ya mkono kuanzia kiganja hadi kiwiko, nami nikafunga kitambaa nikaendelea, kwa sababu besi ilikuwa imekaribia. Ilipotoka sawasawa nilikaa chini uani. Ilikuwa ni kanisa tupu la Jumamosi, na mtu anakanyaga pedali.

Niliijaza kwenye vichupa vya dawa ya sindano nilivyovichemsha, nikabandika karatasi niliyoiandika kwa mwandiko wangu mzuri: *Mvuto wa Kinanda*. Kinanda huvuta hewa. Kabla hakijapigwa, mpigaji huvuta vile vifundo vya mbao vilivyo juu ya vibao, kila kifundo na sauti yake. Halafu Dar es Salaam mtu akipendeza husemwa ana mvuto, hata redioni. Neno zuri, la kamusi. Sikuona sababu ya kuomba ruhusa ya mtu kulitumia, na sioni mpaka sasa.

Lakini kwetu mvuto ni kitu kinachonunuliwa kwa mganga. Huitwa samba. Ni dawa ya kuvuta watu, na wanaoitaka kuliko wote ni wacheza ngoma. Pamba ikishauzwa, makundi mawili hukutana kwenye uwanja mmoja, kila moja na ngoma zake, yakacheza kwa wakati mmoja. Hakuna majaji. Watazamaji wanakwenda wanakotaka, na kundi linaloachwa peke yake limeshindwa. Kwa hiyo kila kundi linajua kwamba wenzao wana samba, na kila kundi linayo ya kwake, na kila mmoja anaapa kwamba anachezea miguu tu.

Mdogo wangu wa kiume alikuwa ningi, ndiye kiongozi na mtunzi wa kundi la kwetu. Sitasema alikuwa mzuri kwa sababu ni ndugu yangu. Mimi siwasifu ndugu. Alicheza na jembe. Alilirusha juu likizunguka, akaliimbia likiwa angani, akageuka, akalidaka nyuma ya mgongo bila kutazama. Wanawake walifunika macho kila mara, na kila mara alilidaka. Alikuja kwangu siku chache kabla ya mashindano, akanusa kichupa kimoja, akakigeuzageuza mkononi.

"Dada, hiki ni nini?"

"Soma."

Alikuwa ameishia darasa la nne, akasoma polepole kwa kidole. Aliponitazama niliona anafurahi sana, na nikadhani ni kwa sababu ya harufu.

"Naomba kimoja," alisema. "Nisikwambie kazi yake."

"Kazi yake ni kunukia."

"Haya, dada. Kunukia."

Mashindano yalifanyika mchana, kwenye kiwanja kilicho mbele ya ghala la zamani la pamba, pale penye mzani mkubwa wa chuma. Nilikwenda na kapu la vichupa vyangu kuuza. Upande wa kulia kundi la mdogo wangu, upande wa kushoto wapinzani, ambao ningi wao alikuwa mtu mnene mwenye njuga hadi magotini na sauti iliyofika Shinyanga. Alikuwa hajashindwa misimu mingi. Mwanzoni watu walijaa kwake. Mdogo wangu akafungua kichupa, akajipaka shingoni, kifuani na kwenye mpini wa jembe, akaanza.

Upepo ulikuwa unatoka kwetu kwenda kwao. Jasho lilipompanda, harufu ikafunguka kama nilivyoipanga, ndimu kwanza, kisha nta, kisha ile besi. Niliwaona watu wanageuza shingo. Akina mama waliokuwa wamezoea misa walitazama huku na huku kama waliosikia kengele. Jembe likapanda, likazunguka, likashuka, likadakwa, na kundi la watu likavunjika kutoka upande ule likaja upande huu, wanatembea, halafu wanakimbia. Mnene yule alibaki anaimbia vumbi na wapiga ngoma wake.

Alinyamazisha ngoma zake mwenyewe. Akaja na watu wake wakiwa na fimbo, akasimama mbele ya mdogo wangu, akavuta hewa puani.

"Mnasikia?" aliwauliza watu wake.

"Tunasikia nini?"

"Pua zenu mmeziacha kwa wake zenu? Kanisa linanuka hapa. Nani ameleta kanisa uwanjani?"

Walimpekua mdogo wangu, wakakuta kichupa kimefungwa kiunoni kwa uzi. Kijana mmoja aliyemaliza shule akasukumwa mbele asome.

"Mvuto," alisoma, "wa kinanda."

"Rudia hilo la kwanza."

"Mvuto."

"Amekiri," alisema mnene, "tena kwa maandishi. Mganga wangu mimi hata kuandika hajui." Watu wake walicheka, na wakiwa bado wanacheka wakampiga mdogo wangu fimbo ya kwanza, mdomoni.

Watu wa kundi letu walipigana kwa muda mfupi. Wapiga ngoma walitumia vijiti vyao, mmoja akapasuliwa kichwa na ngoma yake mwenyewe, wengine wakakimbilia kwenye mashamba ya pamba. Mdogo wangu akaburutwa hadi kwenye mzani, akafungwa mikono kwenye nguzo yake kwa kamba ya ng'ombe. Sikio moja lilikuwa limechanika, linaning'inia. Mfupa wa bega ulikuwa umevunjika. Niliuona ukisukuma ngozi kutoka ndani.

Nilipita katikati yao na kapu langu.

"Mwachieni. Hiyo ni bidhaa yangu."

"Mwadila, mayu," alinisalimu yule mnene, akainamisha kichwa kidogo, kama mtu anavyomsalimu mama wa mwenzake mchana. Fimbo yake ilikuwa na damu. Nikaitikia, kwa sababu salamu ni salamu.

"Wewe ndiye uliyepika?"

"Mimi."

"Vizuri. Sasa tegua, twende nyumbani."

"Hakuna cha kutegua. Ni spiriti, utomvu, nta na ndimu. Nimesomea. Nina diploma."

"Diploma ni mti gani huo?" aliuliza mmoja.

"Tuambie inapoota, mayu, tukakuchimbie mizizi," alisema mwingine, na uwanja mzima ukacheka.

Niliwaeleza. Sijawahi kueleza kitu vizuri kama siku ile. Niliwaambia jinsi utomvu unavyoyeyuka, jinsi joto la mwili linavyopandisha harufu, kwa nini nyepesi hutangulia na nzito hubaki. Lakini kila nilipotaja kiungo walimpiga, kana kwamba nilikuwa nikikiri kimoja kimoja. Ngozi ya mbuzi ndiyo iliyowakasirisha kuliko vyote. Mbuzi wa rangi gani, waliuliza. Alichinjwa na nani. Alitazama wapi alipokuwa akichinjwa.

Pembeni alikuwapo mzee wa sungusungu, walinzi wa kijiji, ameketi juu ya baiskeli, mguu mmoja chini. Nilimwambia awatawanye watu.

"Haya ni mambo ya ngoma," alijibu. "Sisi jeshi letu ni la ng'ombe."

Hapo niliokota jiwe la chuma la kupimia pamba, nikampiga nalo aliyeshika kamba. Nilimpiga tayani, nikasikia meno. Alianguka. Nikampiga wa pili gotini. Nasema kwa fahari kwamba ilihitajika mikono ya wanaume wengi kuninyang'anya jiwe lile, na mmoja wao alirudi kwake na alama ya meno yangu mkononi. Kisha nikapigwa kofi, nikatema jino, nikainuliwa na kusimamishwa tena mbele ya mzani, kwa heshima, wakanirekebishia hata khanga.

"Mayu, hatuna ugomvi na wewe," alisema mnene. Alikuwa ameokota jembe la mdogo wangu, analipima uzito. Akawageukia watu wake kama anayetega kitendawili. "Tukikata mguu, mvuto utabaki kwa mtu au utaondoka na mguu?"

"Tujaribu," walisema.

Mdogo wangu alikuwa na jicho moja linalofunguka. Alinitazama nalo.

"Dada," alisema, "tegua tu."

"Nitegue nini? Wewe unajua hamna kitu."

"Walikuja, dada. Uliwaona walivyokuja."

Nilimwelewa. Alikuwa amefungwa, anavuja damu, na bado kulikuwa na fahari ndani ya sauti yake, lakini fahari hiyo ilikuwa juu yangu. Hakuwahi kufikiri kwamba watu walifuata jembe lake. Alifikiri kwamba dada yake, aliyekwenda mbali akarudi na bomba la shaba, alikuwa mganga mkubwa kuliko wa watu wale. Kama ningeendelea kusema ukweli, yeye mwenyewe angekufa akiamini nimekataa kumtegua.

Jembe likainuliwa. Nikasema, "Shusha. Nategua."

Sikujua namna waganga wanavyotegua. Nilijua kinanda. Wimbo ukiisha, katekista alirudisha vifundo alivyovivuta, akivisukuma ndani kimoja baada ya kingine, na kila kimoja kikiingia sauti moja ilikufa. Basi nilivunja vichupa vyote vya kapu kwenye chuma cha mzani. Uwanja ukajaa harufu hadi watu wakarudi nyuma wakifunika pua. Nikaweka kidole gumba kifuani mwa mdogo wangu, nikaimba noti ya soprano, nikasukuma, nikanyamaza. Nikashuka chini kidogo, alto, nikasukuma. Alilia kwa maumivu ya bega. Sauti ya tena, nikasukuma. Besi niliiweka chini kabisa ya mbavu, nikaimba chini kadiri koo la mwanamke linavyoweza, nikasukuma kwa nguvu zangu zote mpaka pumzi ikamtoka. 

"Nimetegua," niliwaambia. "Mtu huyu hana mvuto tena."

"Sema na yeye asikie."

Nikamwinamia. "Huna mvuto tena," nikamwambia usoni.

Walimfungua. Yule mnene alisaidia kumpakia kwenye trekta la pamba, akamshika kichwa kisigonge bodi, akaniaga vizuri. Hospitalini sikio lilishonwa na bega likafungwa. Wiki nzima mtu yeyote aliyepita kitandani kwake alinisalimu mimi kwanza.

Alipona. Ni kijana wa Kimali, mifupa yake imekula maziwa. Msimu uliofuata akachukua jembe akaingia uwanjani, nami nikaenda kutazama. Bega lilikuwa limekaza kidogo, lakini jembe lilipanda na kuzunguka kama zamani, na alilidaka. Tatizo lilikuwa macho yake. Zamani hakutazama watu. Sasa kila akirusha alitazama watu kwanza, kuona kama wameanza kuondoka, na mtu anayetazamwa hivyo huondoka. Walikwenda mmoja mmoja. Alimaliza wimbo mbele ya watoto na mbwa, akaweka jembe begani akaja nilipokuwa.

"Ulitegua vizuri mno," alisema.

Nilimpeleka chumbani kwangu. Nilimpikia mbele ya macho yake, tangu utomvu hadi tone la mwisho. Nilimwonyesha cheti changu kwenye ukuta, nikamsomea kilichoandikwa. Nikamwambia siku ile kwenye mzani niliigiza, kwamba sikuondoa kitu kwa sababu hapakuwa na kitu cha kuondoa, na watu walikuwa wamefuata miguu yake na jembe lake.

Alisikiliza akitikisa kichwa polepole, kama mtu anayemsikiliza mgonjwa.

"Basi njoo useme hivyo uwanjani," alisema. "Mwambie yule mnene hukutegua."

 Nimewajibu wakuu wa viwanda, maofisa biashara, na padri mmoja aliyeniita akaniambia niache kuchezea ubani wa Mungu. Lakini nilijua kitakachotokea nikisimama pale na kusema sikutegua: wangemrudisha kwenye mzani, na safari hii wasingeniuliza chochote. Na nikiendelea kusema nimetegua, atabaki kama alivyo, mzima, lakini akirusha jembe huku macho yako kwa watu.

"Umeona," alisema. "Hata wewe unaogopa."

"Nawaogopa wao."

"Wao nao walikuogopa wewe."

Alinywa chai yake akamaliza. Kisha akauliza kama nina kazi ya kumpa, kwa sababu ngoma ameacha. Nikampa ya kuchuma utomvu kule nyuma ya Kimali, maana nilikuwa nimeanza kutengeneza sabuni yenye harufu ile ile, na karatasi mpya haina maneno yoyote, ina picha ya ua tu. Inauzwa hadi Kalemela. Huniletea gunia kila mwezi, utomvu safi, haujachanganyika na magome. Akiutua huniita mganga, mbele ya wateja, na wateja hununua zaidi. Nimemkanya mara nyingi. Husema, "Sawa, dada," na mwezi unaofuata husema tena, nami siku hizi namwacha aseme, kwa kuwa wakiwa wanaamini nilitegua hawatamgusa.